Gari Iliyolala Mlangoni kwa Ndugu Yangu

Nianze na mikate, maana habari ya gari haifahamiki bila ya mikate.

Mdogo wangu wa kike, tumbo moja ziwa moja, alikuwa akioka mkate wa kumimina ambao watu wa Gando wakiuagiza tangu Shaabani. Sisemi hivi kwa kuwa ni ndugu yangu. Mke wangu naye huoka, nimekula mkate wake miaka na miaka, na miaka na miaka nimenyamaza. Huu wa mdogo wangu ulikuwa ukikatwa, harufu ya iliki inamfanya aliyefunga aone Mungu anamjaribu. Skuli sikumshinda kwa mengi, mie niliishia darasa la tatu na yeye hata hilo hakulifikia, lakini mchele wa mkate ulowe kiasi gani na tui liwe zito kiasi gani, hayo alikuwa nayo mkononi, huwezi kumuuliza akakueleza.

Basi Ramadhani moja, katika hii miaka yetu ya vyama vingi, baada ya uchaguzi mmoja katika zile chaguzi zetu ambazo hazishi hata zikisha, alipeleka sahani ya futari kwa jirani kama ada. Sahani ikarudi. Kurudi si ajabu. Sahani hurudi, na kwetu hairudi tupu, hurudi na kitu cha jirani ndani yake. Hii ilirudi na mkate uleule, haukuguswa, na kawa juu yake kama alivyoifunika mwenyewe. Aliyeileta aliiweka barazani akaenda zake bila ya salamu.

Ndiyo akajua kuwa amesusiwa.

Kosa lilikuwa la mumewe. Mumewe alionekana jukwaani kwenye mkutano wa chama cha pili, kavaa kofia yao. Sitaji majina ya vyama, na chama cha pili ni kile ambacho wewe humo, basi yatosha. Muda si muda yule bwana akaezua makuti, nyumba akaiezeka kwa mabati mekundu. Watu wakasema mabati ya chama. Yeye akasema mabati ya karafuu zake. Mie nilizichuma karafuu zile pamoja naye, najua zilikuwa ngapi na najua mabati yalikuwa mangapi, lakini nani aliniuliza?

Asiyekuwa mtu wa Pemba hafahamu kususiwa, hudhani ni kununiwa. Kununiwa ni jambo la watu wawili. Kususiwa hakuna anayelitangaza, wala hapakai kikao, lakini asubuhi kijiji kizima kinajua. Dukani unaambiwa unga umekwisha, na wewe kiroba unakiona. Pwani samaki wote washauzwa, na wengine bado wanarukaruka. Ukiwa na harusi utakula wewe na waliooana. Na lililo kubwa, ukifa hutapata watu wa kukuzika. Hilo ndilo linalotutisha sote. Mpemba unaweza kumnyima mkate akakaa, lakini ukimtia mashaka ya jeneza lake litabebwa na nani, umemshika pabaya.

Mke wangu alinambia siku ileile. "Ukenda kwake, na sisi watatususa. Na mie mama yangu mgonjwa, baba we. Nani atakuja kumzika?"

Nikamwambia, "Nimesikia."

Kusikia nilisikia. Lakini mie nilikuwa na gari.

Gari haikuwa yangu. Ilikuwa kanta ya tajiri mmoja wa Mkoani, mtu wa duka la jumla, saruji, unga, sukari, mafuta ya kula. Meli ikileta mzigo kutoka Unguja, mahamali wanapakia, mie naondoka Mkoani, napita Chake, napita Wete, nashusha duka kwa duka, na mwisho wa safari ni Gando, ndiko kwangu, gari inalala karibu na msikiti. Kazi ile niliifanya miaka mingi, na kabla ya kanta niliendesha lori moja kuukuu la mtu mwengine, lile ukipanda mlima unamwomba abiria ashuke atie jiwe nyuma ya gurudumu. Abiria mmoja alitia jiwe, gari ikashika moto wa kwenda, nikamsahau kilimani na jiwe lake. Mpaka leo tukionana hunambia, "Dereva, niondoe jiwe?" Hayo yapite.

Nyumba ya mdogo wangu iko peke yake kabla hujaingia kijijini, ndani ya mikarafuu, kuna njia ya gari mpaka uani. Zamani watu wakikatisha pale kwenda pwani. Aliposuswa wakachonga njia nyengine mbali ili wasipite kwake hata kwa bahati mbaya. Kwa hiyo mie, nikirudi wakati wa magharibi, watu wote wako msikitini, nikiingiza gari kwenye mikarafuu nikamshushia unga, sukari, mafuta ya taa. Na samaki. Samaki nikimnunulia Mkoani, kwa wavuvi wa Makoongwe, ambao hawamjui yeye wala mumewe wala mabati yake. Nikikaa kidogo, nikinywa chai yake, naondoka. Kijijini wakiniuliza mbona nimechelewa sala ya jamaa, nasema pancha. Kwa jinsi nilivyokuwa nikipata pancha, matairi yale yangekuwa mapya yote.

Sikuwa shujaa. Shujaa angesimama msikitini akasema, yule ni ndugu yangu, anayetaka anisuse. Mie nilipita mlango wa nyuma. Lakini alikuwa anakula.

Na hivyo tungekwenda, mpaka tajiri alipotia kidude kwenye gari.

Kwa Kiswahili sijui kinaitwaje. Sisi madereva tunakiita jipiesi. Ni kitu kidogo, kama kiberiti, kinafungwa ndani ya dashibodi, kina laini yake ya simu kama binadamu. Tajiri huko aliko anafungua simu yake anaona ramani, na kwenye ramani kigari chekundu kidogo kinatambaa. Kikisimama anaona. Mwendo anauona. Mwezi uliopita ulikuwa wapi, anao pia, kaweka. Alisema wenye magari wenziwe wanaibiwa dizeli. Mie dizeli yake sikuiiba, na alijua sikuiiba, lakini alishapata kitu cha kutazama.

Nitasema kweli, mwanzo sikuudhika. Gari yake, mzigo wake, mafuta yake. Nilikuja kuudhika taratibu, kama kiatu kinachobana. Maana ndani ya gari ile mlikuwa na mtu. Makalio yaliyokuwa juu ya kiti kile hayakuwa ya tajiri. Nikisimama kununua muhogo, anajua. Nikishuka kumwangalia mgonjwa Wete, anajua. Zamani, mwanzoni mwa vyama vingi, kulikuwa na watu wa kutuangalia, tukiwajua, kila baraza ilikuwa na wake. Lakini yule ilimbidi akae juani, avumilie mbu, anywe kahawa yetu mbaya, na wengine tuliwazoea hata wakatuozesha binti zao. Hiki kidude hakinywi kahawa.

Na tajiri hakuwa mtu mbaya. Hilo ndilo linalonikera zaidi, kwamba sina hata pa kumchukia vizuri. Alikuwa kama mtoto aliyepata mwanasesere. Anakaa barazani mbele ya duka lake, pale wasafiri wanapongoja meli, simu mkononi, anawaonyesha watu. "Mtazameni dereva wangu, saa hii anatoka Chake. Mtazameni, anapanda. Haya, kasimama. Kasimama nini huyu?" Kisha ananipigia.

"Umesimama wapi hapo?"

"Hapa Gando, karibu kufika."

"Naona. Pana nini hapo?"

"Gurudumu, tajiri. Nalitazama."

Safari ya pili, "Umesimama palepale."

"Haja ndogo."

"Juzi gurudumu, leo mkojo. Na jumaa iliyopita ulisimama hapohapo muda wa mtu kupika wali akala. Yakhe, mkojo wako una nyumba yake?"

Nikasikia baraza nzima inacheka nyuma yake. Mmoja akasema kwa sauti, "Mzee kaoa mke wa siri huko." Tajiri akacheka akakata simu. Kwao ni mzaha. Mie niliegesha gari nikakaa. Maana wanaongoja meli pale Mkoani ni watu wa kisiwa kizima, na wa Gando wamo. Leo wanacheka mke wa siri, kesho mmoja atauliza hiyo nyumba iko upande gani. Na pale hapana nyumba ila moja.

Nilijaribu kukata safari zangu. Nikapita njiani bila ya kuingia, nikatupa mfuko wa unga kwenye mikarafuu gari inatembea, kama mtu anayetupa taka. Mdogo wangu akanambia siku nilipoingia tena, "Kaka, unga ule ulipasuka, nimeuchota na mchanga. Kama unaogopa sema, mie sikulazimishi. Lakini usinirushie chakula, mie si kuku."

Ndipo nilipokwenda kwa fundi.

Alikuwa fundi wa redio za magari, Chake, mtu mzima mwenye maneno mengi kunishinda mie, na mie mwenyewe si haba. Nikamweleza nataka kile kidude kife, bila ya kujulikana. Akasema kazi ndogo, ila si hapa gerejini kwake, kwa sababu tajiri wangu anajuana na kila mtu, na yeye ana watoto. Tutafute pahala pasipo na macho.

Nikafikiri. Pemba hii, pahala pasipo na macho. Shamba lolote utakaloingia, mtu atatokea kwenye muhogo akuulize unatafuta nini. Pwani ndiyo usiseme. Kila njia ina baraza na kila baraza ina watu ambao kazi yao ni kujua nani kapita. Halafu nikacheka peke yangu, kwa uchungu, maana jibu lilikuwa mbele ya macho. Pahala pamoja tu kisiwani ambapo hakuna mtu anayekanyaga ni uani kwa ndugu yangu. Wenyewe walikuwa wamepafanya hivyo.

Nikamchukua fundi, tukaenda mchana kweupe. Mdogo wangu akatupikia chai, mumewe akatushikia milango ya gari, alikuwa mtu wa kimya siku hizo, kofia ile kaiweka sijui wapi. Fundi akalala chali chini ya usukani, miguu nje, anaimba. Akatoa waya hii, akatoa waya ile, akachomoa na betri ndogo ya ndani, kwa sababu alisema dude lile ukilikatia umeme tu linaishi kwa roho yake lenyewe muda. Akatuonyesha mkononi. Mdogo wangu akaliangalia, akasema, "Hili ndilo linalomtisha kaka yangu? Dogo hivi?"

"Dogo, dada," fundi akasema, "lakini lina maneno kama mie."

Tukacheka wote wanne. Nakumbuka kicheko kile kwa sababu ilikuwa mara ya mwanzo kusikia sauti za watu wengi katika ua ule tangu sahani irudi.

"Na tajiri ataona nini?" nikamuuliza fundi.

"Giza. Ataona giza tu, atadhani mtandao."

Akalirudisha limekufa pahala pake, akafunga dashibodi, nikampa chake nikamrudisha Chake. Na mie nikaondoka na moyo mweupe. Siku mbili zilizofuata nilikwenda nilikotaka. Nilimtazama mgonjwa wangu wa Wete. Nilisimama kununua muhogo nikabishana bei mpaka nikachoka. Kwa mdogo wangu sikwenda hata mara moja, na hili mliweke akilini. Hakuwa na haja, tulishamshushia kila kitu siku ile ya fundi.

Tajiri siku zile alikuwa Dar es Salaam kununua mzigo.

Sasa nieleze jambo ambalo mie sikulijua wala fundi hakulijua, na maneno yake yote. Kile kidude kikifa, simu ya tajiri haioni giza. Simu hubaki na pahala pa mwisho ambapo kidude kilikuwa hai. Kigari chekundu kinakaa palepale, kimetulia, mchana na usiku, mpaka siku kidude kitakapofufuka. Na kidude chetu roho ilikitoka uani kwa ndugu yangu.

Kwa hiyo tajiri, yuko Dar, anafungua simu, anaona gari yake imesimama Gando kwenye mikarafuu. Kesho yake, iko palepale. Kesho kutwa, palepale. Akanipigia, mie niko bandarini Mkoani, mahamali wanapakia saruji.

"Gari iko wapi?"

"Iko Mkoani, tajiri. Tunapakia."

"Mkoani ipi?"

"Mkoani hii, bandarini. Saruji ndiyo inapanda."

"Wewe mzee, unaniona mie mjinga. Gari naiona iko Gando, haijatikisika tangu juzi."

"Tajiri, nimeishika mlango. Sikiliza." Nikagonga bodi kwa ngumi asikie.

"Hata mlango wa kabati ukigongwa hulia."

Nikampa hamali mmoja simu, mtu wa haki, akasema, "Wallahi tajiri, gari iko hapa." Tajiri akasema, "Lenu moja." Akakata.

Fikirini. Miezi yote nilimdanganya, gurudumu, mkojo, akanikubalia kwa kicheko. Siku niliyomwambia kweli tupu, na gari nimeishika kwa mkono, ndiyo siku aliyoniita muongo. Na sikuweza kujitetea. Kumwambia, tajiri, kidude chako nimekikata, ni kutoka kazini. Kunyamaza ni kukubali kuwa nimelala kwenye ile nyumba. Nikanyamaza. Nilidhani akirudi ataiona gari na mambo yatakwisha.

Hayakungoja arudi. Kule Dar tajiri alikuwa akishinda Kariakoo, kwenye duka la mtu mmoja mzaliwa wa Gando, wamezoeana kwa biashara. Hili alinihadithia mwenyewe baadaye, bila ya kujua alikuwa anahadithia nini. Alimwonyesha yule mtu simu yake kwa kulalamika, tazama dereva wangu, kahamia kwa huyo mwanamke wake na gari yangu. Yule mtu akaichukua simu, akaipanua ile picha ya angani kwa vidole viwili, akapanua, akapanua. Akaona mabati mekundu.

"Hapa hapana mwanamke wa siri," akasema. "Hii nyumba naijua."

Akapiga simu nyumbani. Habari ilitoka Gando kwa hewa ikaenda Dar, ikarudi Gando kwa hewa, na mie bado niko njiani na saruji.

Nilifika wakati wa isha. Niliegesha gari karibu na msikiti kama siku zote, nikatawadha, nikaingia, nikajipanga safuni. Wa kulia kwangu akasogea. Wa kushoto akasogea. Mkisali lazima mguswane mabega, ndivyo tulivyofundishwa, shetani asipate nafasi. Siku ile nilisali na nafasi ya mashetani wawili. Tulipotoa salamu, hakuna aliyenipa mkono. Nikatoka, nikamsalimu jirani yangu, mtu niliyembebea mchele wa harusi ya mwanawe bila ya nauli. Alinijibu maneno ya salamu yote, maana kujibu ni wajibu, lakini aliyajibu akiangalia kiatu chake.

Nyumbani mke wangu yuko jikoni, hajageuka.

"Wanasema umehamia kule tangu juzi."

"Juzi nililala wapi?" nikamuuliza. "Si kitandani kwako?"

"Mie najua. Kawaambie wao."

Nilikwenda kuwaambia. Nilimfuata mzee mmoja wa baraza yetu, mtu tunayemheshimu, nikamhadithia yote, kidude na fundi na waya. Nilidhani ukweli mzima utanisaidia kwa kuwa nusu yake imeniponza. Alinisikiliza mpaka mwisho, akatafuna tambuu yake.

"Kwa hiyo gari haikulala pale," akasema.

"Haikulala, mzee wangu. Kidude ndicho kilichofia pale."

"Na kilikufia pale kwa nini? Nyote mlikwenda kufanya nini pale?"

 Jibu nilikuwa nalo, ni ndugu yangu, lakini nililitafuta kinywani likanikwama, na yeye alikuwa ananisubiri niseme, na akajua nimeshindwa. Akasimama, akanambia, "Basi kaa na nduguyo." Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

Tajiri aliporudi alifungua dashibodi mwenyewe, akaona waya. Alihuzunika kuliko alivyokasirika. "Ungenambia, mzee. Ungenambia ni dada'ko, mie ningekuuliza nini?" Nikamwangalia. Mtu aliyefungua maisha yangu barazani watu wakacheka, anasema angeniuliza nini. Akanipa haki yangu, akachukua funguo. Kidude chengine alikitia pahala ambapo hata dereva mpya hakijui kiko wapi. Huyo dereva mpya nilionana naye baadaye, kijana wa watu, akanambia, "Mie, mzee, hata kikohozi nakizuia, sijui kama kinasikia."

Mama wa mke wangu alifariki miezi michache baadaye. Sitaki kuieleza ile siku. Nitasema tu kuwa jeneza lina pembe nne, na pembe moja aliibeba mume wa mdogo wangu, yule wa kofia, na njia nzima mpaka makaburini hakuna aliyekuja kumpokea. Kwetu jeneza linapokewa kila hatua, watu wanagombania thawabu. Tulifika mabega yamechubuka.

Baada ya hapo nilikwenda kwa mdogo wangu kwa miguu, mchana, kwa mlango wa mbele, kwa sababu sikuwa tena na cha kuficha. Nilidhani angalau hilo nimelipata. Wamenisusa, vyema, basi tuishi wawili. Nilikuwa na samaki mkononi. Nikabisha hodi.

"Nani?"

"Mie."

"Mie nani?" Na sauti yangu anaijua tangu yuko mgongoni kwa mama.

"Kaka'ko."

"Kaka yangu ana mke na watoto wa kuoza. Akae nao."

"Fungua. Yamekwisha kuharibika, fungua tu."

"Hayajaharibika yote," akasema ndani ya mlango. "Wakikuona huji, watakusamehe wewe. Mie hawanisamehe. Usije, kaka. Ukija tena sifungui."

"Nimeleta samaki."

"Wapelekee wanao."

Nilikaa barazani kwake mpaka jua likapinda. Nilimsikia ndani anafagia, anafagia palepale. Hakufungua. Na alikuwa sahihi, ndilo linaloniuma, alikuwa na hesabu nzuri kuliko yangu. Nilipoacha kwenda, watu wa Gando wakaanza kunijibu salamu wakiniangalia shingo, kisha kidevu, baadaye uso.

Yeye na mumewe waliuza mabati, wakauza mikarafuu waliyoweza kuuza, wakahamia Unguja. Hakuniaga. Mie siku hizo nilikuwa nikikaa bandarini Mkoani kungoja kibarua, leo magunia, kesho kulinda mzigo wa mtu. Nikamwona kwenye foleni ya meli, kajifunika uso, lakini mwendo mtu ataufunika kwa kitu gani? Anatembea kama mama yetu, mguu wa kulia unachelewa kidogo. Foleni ilikuwa na watu wa Gando, mbele yake na nyuma yake. Alinipita karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa buibui. Hakunisalimu. Alitazama meli. Nami, kwa kuwa nilifahamu kwa nini hanisalimu, nikainama nikajifanya nafunga kamba ya gunia ambalo halikuwa langu.

Miaka ikapita, wakubwa wa vyama wakapeana mikono. Tuliona kwenye televisheni, wanacheka, wanakunywa juisi. Na sisi tukaambiwa yamekwisha, na kweli, kama yalivyoanza bila ya tangazo yakaondoka bila ya tangazo. Duka likawauzia wote. Njia ya kwenda pwani ikarudi kupita kwenye mikarafuu ile ile, kwa kuwa ni ya mkato. Ramadhani sahani zikatembea. Ikaja zamu ya kukumbuka mkate wa kumimina. Yule mzee wa baraza, wa tambuu, alinishika mkono tulipotoka tarawehe, akanambia mbele ya watu, "Mpigie nduguyo. Mwambie arudi kwao, mambo yamekwisha. Kiwanja chake kipo. Tumetamani mkate wake, wallahi."

Nikampigia palepale, wamenizunguka.

"Wanasema urudi," nikamwambia. "Yamekwisha."

 Nilisikia mji nyuma yake, pikipiki, watoto.

"Yamekwisha kwao," akasema. "Mie sikugombana na mtu. Umefuturu?"

"Nimefuturu."

"Huku mtaani hawajui mie wa wapi, kaka. Wananiita Bi Mikate. Mtu akija mlangoni kataka mkate, hana jengine analotaka kujua." Kisha akasema, "Nakaa vizuri. Usiniitie watu."

Akakata. Mzee wa baraza bado kanishika mkono.

"Kasemaje?"

"Anakusalimuni," nikamwambia. "Nyote."

Hakuwasalimu. Hata mmoja.